Kipande

Pongwe, darasa la tatu B. Dawati limegeuzwa meza,
mimi mwandikishaji wa siku saba, posho haijaingia,
kamera nimeipangusa vumbi la chaki,
na ubaoni hesabu ya jana haijafutwa:
saba mara nane, hamsini na nne,
na alama ya vema juu yake.

Akaja Anjelista Mbawala,
kitenge cha kanisani, kandambili za rangi mbili.
"Weka kidole gumba, bibi." Akaweka.
Mashine ikafikiri. Ikakataa.
Cha shahada, ikakataa. Cha kati, cha pete,
mkono wa kulia wote, taa nyekundu, taa nyekundu,
kama mlinzi wa getini asiyekujua
wala hataki kukujua.

Nikampangusa kwa spiriti. Nikampaka mafuta ya nazi, nikapangusa tena.
Viganja vyake laini, laini vibaya,
laini ya kitu kilichoisha.
"Miaka thelathini na mmoja kwenye brashi," akasema,
"singa zikipita hapa, na hapa, na hapa.
Maji ya mkonge yanakula.
Ulidhani meli zilibeba katani peke yake?
Alama zangu ziko kwenye kamba, mwanangu,
huko walikofungia mizigo yao.
Waandikie barua, wakurudishie."

Foleni ikacheka. Msimamizi hakucheka.
Akafunua mwongozo, ukurasa wa sababu:
amekatwa kidole; amefungwa bandeji; hana mkono.
Kuchakaa hakumo.
"Asubiri pembeni."

"Pembeni ndiko nilikokaa," akasema, hakusogea.
"Baba yangu alitoka Songea, wakamwita mia nne na kumi na saba,
maana ofisini hapakuwa na nafasi ya jina.
Kipande chake kilikuwa na vyumba thelathini.
Nyapara anatia alama, chumba kimoja kwa kutwa moja.
Ukiumwa, chumba kitupu.
Ukibisha, chumba kitupu.
Na visipojaa, mshahara unausikia harufu tu.
Sasa niambie wewe uliyesoma:
hiyo katiba imeandika raia, au imeandika ngozi?"

Ibara hiyo niliisoma chuoni, ya mtihani.
Raia. Miaka kumi na minane. Nilipata tisini.
Sikuwahi kuisikia ikiulizwa
na mtu aliyesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Kushoto nako, vidole vinne, nyekundu.
Kikabaki cha mwisho, kidogo,
kimejikunja kama jani changa la mgomba.
"Hicho kilivunjika utotoni. Hakikufanya kazi hata siku moja."
Nikakinyoosha polepole, nikakilaza kwenye kioo.
Kijani.
Mistari yote imo, duara ndani ya duara,
utadhani kimeumbwa jana.

*

Siku ya kura akarudi, kitenge kilekile.
Nikampa karatasi mbili.
Akazihesabu. Akazihesabu tena.
"Ya diwani?"
"Diwani kapita bila kupingwa, bibi."
"Aliulizwa nani?"
Mwongozo ulikuwa mapajani mwangu. Sikuufungua.

Akaenda nyuma ya kadibodi, akakawia,
mtu wa nyuma akaguna, wakala mmoja akatazama saa.
Akatoka. Akatumbukiza moja. Akatumbukiza ya pili.
Akaleta kile kidole kilichojikunja, nikakichovya wino,
naye akakiinua karibu na macho
kama mtu anayesoma risiti dukani
kabla hajatoka mlangoni.

"Vyumba vitatu," akasema, "nimejaza viwili.
Andika kwenye daftari lako:
Mbawala anadai siku moja."

Nikamwambia daftari halina safu hiyo.
Hakunijibu. Alikuwa ameshafika uwanjani,
anapita kati ya watoto wanaocheza rede,
kidole amekitenga na vingine, kisiguse kitenge.

Nimeiandika hapa.