Dele

Ibra, sebuleni, baiskeli imelala ubavu
kama mbuzi wa Idi. Kando yake mifuko miwili,
na kitoroli cha gurudumu moja alichoniazima Mukrim.
"Kuvuta si kubeba," kasema, akaenda zake.

Nimepima vitu kwa mizani ya tende:
hema, pampu, mipira ya ndani, kijiko kimoja.
Maji lita tisa. Maji hayapunguziki.
Shangazi Zuwena kaleta dele la shaba.
Nimelitoa. Kalirudisha.
Nimelitoa tena usiku, kwa kunyata,
mwizi nyumbani kwangu.

Kitoroli ni kitiifu mpaka lori lipite;
hapo kinatikisa mkia, na mbwa ndiye wewe.
Na njia ya Haima ni malori tu.
Basi mifuko. Ila nilipoijaribu uani
kushoto kulizidi, usukani ukatamani ukuta.

Alfajiri kaniaga bila neno,
mkono wake ukipapasa mfuko wa kulia
kama anayemfunga mtoto vifungo.

Kabla ya Sinaw, tuta la kwanza:
kang'! Shaba.
Nimesimama nifungue, kisha nimeacha.
Sasa ndio nagundua: tangu Ibra
baiskeli haijavuta kushoto.