Doa Pembeni

Filamu inaanza na kikohozi cha mtu tusiyemwona.
Kisha mikono, mikono ya Bibi Bogumiła,
iliyokunjamana kama magazeti ya kufungia vikombe,
inachonga sifongo kwa wembe: jicho la tausi
dogo kuliko punje ya dengu.

"Umeshaiwasha hiyo mashine?"
"Bado," anadanganya Wit, mjukuu, nyuma ya lenzi.
"Basi ngoja nichane nywele."
Ukumbi mzima unacheka.
Tumekalia viti vya chuma vya kikosi cha zimamoto,
hapa Bolesławiec, mvua ya Novemba ikikwaruza madirisha,
na wengi wetu tunazo sahani zake kabatini,
za kutazamwa, si za kulia.

Anachovya, anagonga. Anachovya, anagonga.
Bakuli linajaa macho, na yote ni ya kijivu,
kijivu cha maji yaliyooshea masufuria.
"Rangi yenyewe iko wapi?"
"Imo humo humo. Haijaambiwa tu."
Tanuri linafungwa, na filamu, bila haya,
inatuonyesha mlango wake dakika nne nzima.
Mzee nyuma yangu akasinzia. Mimi nilihesabu misumari.

Lakini pale
bibi aliposahau jina la kijiko!
Alilitafuta mezani, akalitafuta mfukoni mwa aproni,
akamtazama mjukuu kama anayedaiwa.
Wit hakumtajia. Kamera ikashuka,
tukaona miguu ya meza, soksi mbili zisizofanana,
tukasikia: "Hata mimi limenitoka, Bibi,"
wakakoroga chai kwa mpini wa brashi.

Siku nyingine akainyooshea lenzi mkono.
"Ina uchafu hapa," akasema,
akaufuta kwa kidole kilicholowa rangi.
Tangu hapo kila kitu,
theluji, mto Bóbr, mbwa wa jirani,
jeneza likihangaika kwenye ngazi nyembamba,
kina doa la kijivu chini, kushoto.

Taa zilipowashwa mtu akauliza
kwa nini lile doa halikusafishwa.
Wit, ana ndevu sasa, alikuwa akikunja waya.
"Sikuliona," akasema.
Hakuna aliyebisha.

Nyumbani sikuvua hata koti.
Nilifungua kabati, nikapakua viazi vya jana,
vya baridi, na mchuzi wake ulioganda,
nikala nimesimama, taratibu,
mpaka jicho la kwanza likatokeza chini ya uma,
buluu.