Mfuko wa Nenita

Lirudishe hilo jekundu, Jovelyn.
Najua limekukaa kiunoni,
najua kioo kimekusifu.
Lakini Januari ya Winnipeg haina macho,
ina vidole tu,
na vidole vyake huanzia
pale koti linapoishia.

Njoo huku nyuma, kwenye makoti ya wanaume.
Usikunje uso.
Nimeshona makoti miaka kumi na tisa,
ghorofa ya nne, mtaa wa pili kutoka duka hili la mitumba.
Tulikuwa wanawake sitini na wawili kutoka visiwani kwetu
na msimamizi mmoja aliyetuita sote Meri.
Mimi nilishona mikono ya kushoto.
Ya kushoto tu.
Hata leo nikisalimiana na mtu
jicho hunikimbilia begani kwake, upande huo,
kukagua.

Basi sikia. Bei baadaye.
Koti lipindue, lisome tumboni.
Liminye hapa: manyoya ya bata yakiinuka polepole
kama unga uliotiwa hamira, lina uhai.
Yakibaki yamelala, liache,
lilikwisha kufa kwa mwenyewe.
Tazama mwisho wa mkono. Pasipo mpira wa kubana
upepo huingia bila hodi
na haagwi mgeni huyo mpaka Aprili.
Zipu iwe na kitambaa nyuma yake;
siku ya arobaini chini ya sifuri
chuma kikigusa kidevu, hung'ata.
Na liwe pana. Ndani yake itakaa sweta,
ndani ya sweta fulana ya sufu,
na ndani ya fulana
wewe, na wali uliokula asubuhi.

Mama yako alinipigia jana kutoka Iloilo.
Aliniuliza kama sweta mbili zinatosha.
Nikamwambia zinatosha.
Ningemwambia nini? Niliisikia feni ikizunguka nyuma yake.
Nimeziona, sweta zenyewe. Za pamba.
Pamba hunywa jasho, kisha huligandisha mgongoni.
Utazivaa siku ya kupiga picha za kumpelekea.

Ngoja.
Hili la kijivu. Zipu mbovu, dola nane.
Niwashie taa ya simu yako, hapa, pembe ya mfuko.
Unaona mishono mitatu ya ziada, imerudi juu yenyewe?
Huyo ni Nenita.
Alisema binadamu huingia baridini kwa mikono,
mfuko ukitoboka ametoboka mtu.
Msimamizi alimkata mshahara kwa kupoteza uzi.
Akaendelea kuupoteza.
Kiwanda kilipofungwa alihamia Regina, kwa mwanawe.
Tulipigiana simu Krismasi mbili,
ya tatu kila mmoja alimngoja mwenzake.

Na mkono wa kushoto?
Labda wangu. Labda wa Florencia.
Tulikuwa wawili, na vipimo vilikuwa vimoja.
Nautazama, siujui.
Mimi sikupoteza uzi hata siku moja.

Livae. Tia mikono mifukoni.
Nini hicho? Karatasi ya pipi.
Iache humo, haina uzito.
Inua mikono kama unayening'inia kwenye basi.
Inama, kama uliyeangusha ufunguo thelujini;
utauangusha, kila mtu huuangusha.
Mgongo haujatoka nje? Vizuri.
Ndiyo, unafanana na godoro.
Februari mji mzima ni magodoro yanayotembea,
na hakuna godoro linalomcheka mwenzake.

Zipu nitaibadilisha usiku huu,
cherehani ninayo bado, chini ya dirisha la jikoni.
Nikiwa nimekaa hapo
nitauongezea na huo mkono wa kushoto
mishono mitatu, pale kwapani,
hata kama hauhitaji.

Haya, tukalipe.
Na hilo jekundu lilete.
Septemba bado ina siku nne.