Mikono: B. Mungu

Kundi halikuwepo. Tuanze hapo.
Kulikuwa na jina, Notturna Sita,
lililobandikwa kwa gundi mlangoni
juu ya duka la vigae, mtaa wa Jean-Talon, Montreal,
na nyuma ya mlango Ottavio Brandimarte,
mchana fundi wa meno ya bandia,
usiku baba wa wanamuziki sita
ambao hakuna aliyewahi kuwazaa.

Mimi nilikuwa nadeki ngazi.
Januari ya sabini na tisa, theluji imefika madirishani,
mwanafunzi wa Bukavu ndani ya koti la kuazima.
Akafungua mlango, jasho linamtiririka
kana kwamba humo ndani ni msimu mwingine.
"Wewe, una mikono miwili?"
Nikaitazama, nikahesabu.
"Njoo."

Walinisimamisha chooni,
maana vigae vyake vilirudisha sauti vizuri,
kipaza sauti kikining'inia juu ya sinki kama popo.
Piga kwenye mbili, piga kwenye nne,
moja na tatu si zako, waachie wenyewe.
Dakika nane na ushei, mara kumi na moja.
Viganja vikawaka kama nimekamua pilipili.
Chumba cha pili Filomena, mshonaji wa glavu,
mafua yamembana,
aliimba neno moja tu la mapenzi
hadi likamwaga maana yote, likabaki pumzi.
Dieuseul wa Port-au-Prince alipiga besi ameketi,
viatu kavua, soksi moja imetoboka.

Mara ya kumi na moja nilikosea.
Dakika ya sita, kofi moja likaangukia tatu.
Ottavio akasikiliza, akasikiliza tena.
"Liache," alisema. "Hilo lina mtu ndani yake."
Alfajiri: dola kumi na tano
na kipande cha keki ya lozi.

Santuri ilipotoka, jaladani walisimama
wasichana watatu wa Laval, buti za rangi ya fedha,
ambao hawajapanda hata mara moja ngazi nilizodeki.
Walikwenda Acapulco, wakaenda Manila,
wakafumbua midomo, Filomena akatoka ndani yao
huku mwenyewe yuko kiwandani
anashona kidole gumba cha mia mbili siku hiyo.
Hatukuwaonea wivu. Kidogo tu.

Nyuma, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi,
Ottavio aliandikisha majina yetu, mtu wa haki yule,
ila mpiga chapa hakuliweza Byamungu,
akalikata vipande viwili:
Mikono: B. Mungu.

Nilicheka peke yangu kwenye basi. Ningemweleza nani?
Mji mzima unacheza, na anayewapigia makofi
ni Bwana Mungu mwenyewe, kwa dola kumi na tano.
Nilimtumia mama nakala. Hakuwa na gramafoni.
Aliitundika sebuleni,
mgongo wa jalada ukiwatazama wageni.

Ya pili iliuza nusu. Ya tatu, robo ya nusu.
Mwaka wa themanini na mbili Ottavio aliniita nione
kisanduku kutoka Japani, kitufe cha rangi ya chungwa.
Akabonyeza: pa.
Kofi safi, halina ngozi, halichoki, halidai keki.
Akanitazama kama mtu
aliyekanyaga mguu wa mwenzake ibadani.
Kwetu kofi ni la shangwe, na kofi ni la shavu;
neno ni hilo hilo, unasikiliza tu limetua wapi.

Nilistaafu nikiwa mkaguzi wa madaraja:
unagonga zege kwa nyundo, unatega sikio.
Filomena tulimzika Machi iliyopita.

Na jana, dukani Saint-Léonard, kwenye vitunguu,
nilijisikia darini.
Mbili. Nne. Mbili. Nne.
Viganja vya kijana mwenye njaa, na sinki lake.
Nikasimama na kikapu, nikaingoja dakika ya sita,
nikaingoja tatu yangu.
Tangazo la bei ya kuku likaikata.

Nikaweka kikapu chini.
Nikalipiga mwenyewe.