Usifagie Kwanza

Oktoba, Iringa imevua sweta.
Usiku mijakaranda ya njia ya Gangilonga
imemwaga tena, lami haionekani:
zambarau mpaka mtaroni,
zambarau juu ya mavi ya mbuzi,
zambarau kwenye boneti la gari la mwalimu mkuu.

Saa kumi na mbili na nusu nipo chini ya jiwe,
Kanoni ya mkopo shingoni,
marejesho Ijumaa.
Picha moja elfu mbili, tatu elfu tano,
kusafisha nitashuka mwenyewe Miyomboni.

Wanasema jiwe hili linaongea.
Mwaka wa nne huu nalipiga picha,
halijaniuliza hata bei.
Wanaoongea ni wateja.
"Kaka, nitoe mwembamba."
"Kaka, zile nguzo za umeme zisionekane."
"Kaka, turushie maua, hesabu mpaka tatu, rusha!"
Kaka anarusha, halafu apige na nini?
Mikono aliyopewa ni miwili.

Na wote, wa mahafali, wa harusi,
waliokuja na basi la usiku kutoka Dodoma
kwa sababu ya hii rangi tu,
wana neno moja kwa Bi Editruda:
"Mama, usifagie kwanza."

Bi Editruda ana mita mia nne za barabara
na mnyapara anayepita saa mbili kwa pikipiki.
Ua likibaki, alama kwenye daftari.
Basi anaegemea ufagio.
Anangoja Lusungu ashushe shela,
anangoja nyuki atoke kwenye shela,
anangoja shemeji aliyesahau tai arudi Kihesa kuifuata.
Saa mbili kasorobo anainama,
na maua yanapasuka chini ya ndala zake,
pwa, pwa,
kama njegere mbichi katikati ya vidole.

Leo Jumanne. Hakuna anayeoa.
Nikamwambia, Bi Editruda, simama hapo nikupige. Bure.
Akacheka, kiganja mdomoni.
"Mimi? Na kizibao hiki cha njano?"
Nikamwambia, njano na zambarau zinapatana.
Ila huo ufagio weka pembeni.

Akaacha kucheka.
"Niuweke pembeni, watu waseme nilikuja kutembea?"

Nikapiga.
Nyuma yake barabara nusu nyeusi, safi,
nusu bado zambarau,
naye amesimama mpakani,
ufagio ubavuni kama mtu wa pili
aliyealikwa pichani akachelewa kuoga.
Macho amefumba.
Ya pili, amefumba.
Ya tatu nilihesabu kwa sauti, akafumba kwenye tatu.
Sijafuta hata moja.

Akauliza itatoka lini.
Ijumaa, nikasema, nikikumbuka Ijumaa ni ya nani.
Akauliza, rangi itakaa?
Nikamwambia karatasi ni nzuri, miaka kumi haitoki.
Miaka kumi, akarudia,
kama mtu anayeonja chumvi.
Akatazama juu, kwenye matawi,
ambako ya kesho yameshafumbua,
akasema kitu kwa Kihehe, taratibu,
si kwangu.
Mimi mtu wa Makete, sikuambulia kitu.

Kisha kwa Kiswahili:
"Sogea, mwanangu.
Umesimama juu ya kazi yangu."