Mgeni Alilipia Bahari

Saa nane mchana simu ikanitetemekea mfukoni
nimepiga magoti, nasugua beseni la maji moto la nyumba ya pili:
"Madam Gaudet, njoo tafadhali. Bahari haipo."

Nikavuka njia na glavu zangu za mpira.
Nikamkuta ukingoni mwa baraza, miguu mitupu
juu ya mbao za mwerezi nilizozipaka mafuta mwezi wa tano,
bilauri ya mvinyo mkononi,
na mbele yake, mpaka jicho lichoke, tope.
Tope jekundu la Ghuba ya Fundy,
linang'aa kama ini lililokatwa sasa hivi.

Akanipa simu nitazame tangazo.
Baraza hiihii, viti hivihivi viwili,
maji ya samawati yanaramba nguzo.
"Nimelipia siku nne," akasema. "Za bahari."

Nikamwambia maji yamepwa.
Akauliza: yamepwa yakaenda wapi?

Si swali la kijinga. Nililiuliza mimi pia,
nina miaka minne na kindoo cha kombe,
papa hapa, kabla ya baraza, kabla ya kioo,
na baba, Anselme, uma wa kuchimbia begani,
akanijibu bila kugeuka:
"Kwa Waingereza. Kama mashamba ya babu zako."
Akapiga hatua tatu topeni, akaongeza:
"Ila haya hurudi."

Hayo sikumtafsiria mgeni.
Nilimwonyesha jedwali la maji kwenye friji,
chini ya sumaku yenye umbo la kamba.
Akalitazama kama mtu aliyeletewa bili ya meza nyingine.

Sikumwambia pia kwamba beseni lake
limekaa palipokuwa kibanda chetu cha kukaushia heringi,
ndiyo maana siku za ukungu moshi wa zamani
hupenya katikati ya mbao,
na wageni huusifu, wakidhani ni mshumaa.
Wala kwamba kioo cha ukingo,
kile ninachokifuta kwa siki kila Jumamosi
hata kisionekane kama kipo,
kila Agosti huniachia vitwitwi wawili watatu chini yake,
wepesi kuliko barua.
Wametoka kaskazini ya mbali kuja kula tope hili,
wanenepe, wavuke Atlantiki bila kutua.
Nawazika kwenye chungu cha mrujuani.
Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini unastawi.

Jioni nikarudi na mataulo.
Sahani chafu, taa zote zinawaka, hayupo:
ameenda mjini kula kamba
katika mkahawa unaotazama maegesho ya magari.

Na maji yalikuwa yamefika.
Hayakubisha hodi. Yalikuja mbio kuliko mtu aendavyo,
bamvua la mwezi mpevu, yakameza tope, mawe, nyayo zangu za asubuhi,
yakapanda nguzo moja moja
mpaka nikayasikia chini ya ubao, yanahema.
Samawati ileile ya tangazo. Hapana, zaidi:
tangazo halikuwa na ile rangi ya shaba
ambayo jua huiacha likishuka nyuma ya vilima.

Nikaweka mataulo chini.
Nikavua viatu.
Miaka sita nakifuta kile kiti, cha upande wa kushoto,
mgongo wake naujua kuliko wangu,
na sikuwahi kujua kwamba kinalala kidogo ukiegemea.

Nikapiga hesabu, kwa bei yao, kwa saa:
dakika ishirini za hapa
ni ujira wangu wa kutwa nzima.

Nikakaa ishirini na tano.