Lori la Marehemu Penner

Agatha Penner amenipa funguo ndani ya soksi,
soksi ya sufu ya marehemu, imetoboka kisiginoni.
"Kaliangalie peke yako," amesema. "Mimi mle sipandi tena."
Kisha akarudia keki yake jikoni.

Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Manitoba imelala chali, nyeupe, haina hata kunyanzi,
na lori limesimama nyuma ya ghala la ngano,
wekundu wake umechujuka, umebaki rangi ya ufizi.

Miaka kumi na tisa naendesha la kampuni.
Kiti chao, dizeli yao, bima yao,
kamera yao inayonihesabia miayo.
Likinifia njiani saa nane za usiku
napiga simu, najifunika blanketi, nalala:
mwenye lori ndiye akeshaye.

Jana nimepiga hesabu nyuma ya kalenda ya duka la mbegu.
Mkopo. Leseni. Bima.
Tairi kumi na nane, zisizojua kuwa mwezi ulikuwa mbaya.
Dizeli, inayopanda mbio na kushuka ikichechemea.
Viazi hadi Minneapolis: hapo pana pesa.
Kurudi mtupu: hapo pana nyimbo za redio tu.
Nimejumlisha mara tatu.
Mara mbili hasara, mara ya tatu faida ya dola arobaini,
nikashangilia peke yangu jikoni kama mwehu
hadi nilipokumbuka sikuandika chakula.
Mali bila daftari huisha bila habari.
Mimi daftari ninalo.

Na yupo shemeji yangu Delbert,
aliyenunua lake mwaka ule bei za mizigo zilipopaa.
Giaboksi ikamfia Machi, benki ikaja Mei.
Sasa anaendesha basi la shule kule Winkler,
na ukimuuliza habari za lori
atakueleza habari za mvua.

Napanda. Kidato cha pili kimepinda.
Ndani kunanuka kahawa ya juzi na dawa ya kuchua mgongo.
Kiti kimeshika umbo lake,
bonde pana la mtu wa kilo mia, limeegemea mlangoni.
Nakaa ndani ya Penner kama mtoto kwenye viatu vya babaye;
klachi siifikii.
Navuta kiti mbele. Kinagoma, kinalia,
halafu kinakuja.

Juu ya kioo ameandika tarehe za kubadilisha oili,
mwandiko wa mtu aliyeacha shule kwa ajili ya mavuno.
Hakuna hata moja aliyoiruka.
Ya mwisho ni Novemba tisa.
Tulimzika tarehe kumi na nane.

Nimepita mizani za serikali mara elfu,
nimeona kila ekseli ikitajiwa uzito wake,
na leo nimekaa hapa, mikono kwenye usukani baridi,
sijui hata nipime kwa nini.

Nateremka. Maneno nimeshayapanga:
Asante, Agatha, nitalifikiria.
Huku kwetu maana yake ni hapana,
na mtu hupewa keki akaenda zake.

Ndipo nauona waya wa manjano, ule wa kupashia injini,
umechomoka kwenye pua la lori,
ncha yake imezama thelujini.
Usiku huu redio imesema arobaini.
Oili itaganda iwe lami.

"Si langu," nasema kwa sauti,
na mvuke wa maneno unanirudia usoni.

Napiga magoti. Nakung'uta plagi kwenye paja,
napuliza theluji kwenye meno yake,
nachomeka.
Kitu kule ndani kinaanza kunguruma polepole.

Dirishani Agatha amesimama na kisu cha keki mkononi.
Haniulizi kitu.
Anafungua kabati, anatoa sahani ya pili.